Lugha Zetu: Kabla ya Kusahihisha, Uliza «Lini?»



Juma hili twataka kusema nanyi juu ya kosa dogo la Kiingereza liwezalo kuleta hasara kubwa. Mfikirieni kijana anayejifunza kazi ya uuguzi. Mama mmoja amemleta mtoto mwenye homa. Homa ilianza siku 3 zilizopita, na hata sasa mwili wa mtoto wawaka. Mgonjwa atapelekwa ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwa hiyo yampasa kijana aandike habari zake kwa Kiingereza. Aandika hivi: «The child had fever for 3 days.»

Kila neno limeandikwa vema, wala hakuna herufi iliyokosekana. Lakini daktari atakayeisoma karatasi hiyo atafahamu kwamba homa ilidumu siku 3, kisha ikaisha. Ingalimpasa kijana kuandika: «The child has had fever for 3 days», yaani homa ilianza siku 3 zilizopita, nayo ingaliko. Neno moja fupi, «has», ndilo linalobeba tofauti yote.

Wengine hudhani kwamba nyakati za vitenzi ni pambo la walimu tu, la kuwasumbua watoto siku ya mtihani. Sivyo. Kitenzi ndicho kinachomwambia msomaji kama jambo limekwisha, au lipo, au litakuja. Mwenye kukosea wakati husema yasiyo kweli, hata kama hakukusudia uwongo.

Sisi wa mashariki ya Kongo tuna sababu zetu za kukosea. Nyumbani na sokoni mtoto asema Kiswahili. Darasani afundishwa kwa Kifaransa. Kiingereza chaja nyuma, kama lugha ya tatu, pengine ya nne, ikiwa nyumbani husemwa Mashi au Kinande. Tena haja ya Kiingereza imezidi, kwa maana tangu mwaka wa 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa mwaka 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi zake. Basi mtoto huyo ana lugha mbili za kumwongoza, na kila moja humsaidia mahali fulani na kumpoteza mahali pengine. Tuyatazame makosa yenyewe.

Kwanza: «I have seen him yesterday.» Kosa hili latoka kwa Kifaransa. Wafaransa husema «je l'ai vu hier», na mwanafunzi huligeuza neno «ai» kuwa «have». Lakini Kiswahili sanifu kingalimwonya. Twasema «nilimwona jana», kwa alama ya -li-, maana siku imetajwa nayo imepita. Twasema «nimemwona» pasipo kutaja siku. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo. Ukiona katika sentensi neno la wakati uliokwisha, kama «yesterday», «last year», «ago», au «in 2019», usiweke «have». Sema: «I saw him yesterday.»

Pili: «I am here since 2019.» Hapa Kifaransa na Kiswahili vyote viwili vyatudanganya. Twasema «niko hapa tangu mwaka 2019», na Wafaransa husema «je suis ici depuis 2019». Waingereza hawaridhiki na wakati uliopo peke yake, kwa maana jambo lenyewe lina mguu mmoja jana na mguu mwingine leo. Husema: «I have been here since 2019.» Kumbukeni pia kwamba «since» hutaja mwanzo, yaani mwaka, siku au saa; na «for» hutaja muda, kama siku 3 au miaka 5.

Tatu: «He did not came.» Mwanafunzi ameiweka alama ya wakati uliopita mara mbili. Mwambieni atazame Kiswahili chake. Tukikanusha «alikuja», hatusemi «hakulikuja», twasema «hakuja». Alama ya -li- yaondoka, na -ku- yashika kazi yake. Neno «did» ni kama -ku- hiyo: likiisha kuubeba wakati uliopita, kitenzi hurudi katika umbo lake la asili. «He did not come.» Na katika swali ni vivyo hivyo: «Did he come?»

Nne: «When I will arrive, I will greet you.» Kosa la Kifaransa tena, «quand j'arriverai», na la Kiswahili pia, kwa kuwa twasema «nitakapofika». Lakini tuna njia ya pili ya kusema: «nikifika, nitakusalimu.» Katika «nikifika» hamna -ta- hata kidogo. Kiingereza chapita njia hiyo ya -ki-: «When I arrive, I will greet you.»

Tano: «He arrived, sits down and eats.» Sisi tuna alama njema ya -ka- kwa hadithi: «alifika, akaketi, akala.» Ya kwanza yataja wakati, nyingine zafuata kama watoto nyuma ya mama yao. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi yakipasa kijitajie wakati wake: «He arrived, sat down and ate.»

Sita ni mtego wa Kiswahili peke yake. Twasema «mtoto amelala», na mwanafunzi aandika: «The child has slept.» Msomaji afahamu kwamba mtoto alipata usingizi, na pengine ameamka. Lakini -me- yetu hapa yaonyesha hali aliyomo mtoto sasa hivi. Semeni: «The child is sleeping.» Hali kadhalika «amechoka» ni «he is tired», «amesimama» ni «he is standing», na «amevaa shati» ni «he is wearing a shirt». Upande wa pili, «ninajua» si «I am knowing», bali «I know» tu.

Hata hivyo, twawasihi wanafunzi wasiwe wepesi mno wa kalamu nyekundu. Si kila badiliko la wakati ni kosa. Mtu akiandika, «The teacher told us that the moon goes round the earth», mwingine aweza kudhani kwamba «goes» yapaswa kuwa «went», kwa sababu «told» ni la wakati uliopita. Lakini mwezi haujaacha kuizunguka dunia. Jambo likiwa la kweli siku zote, wakati uliopo wafaa.

Mfano mkuu tunao katika Injili ya Yohane, sura ya 8. Bwana wetu ataja siku za kabla ya Abrahamu, lakini kitenzi anachojitajia mwenyewe ni cha wakati uliopo. Waliomsikiliza hawakudhani kwamba amekosea sarufi. Walifahamu alivyojifanya sawa na Mungu, wakaokota mawe. Mwanafunzi ambaye angalitaka kukisahihisha kitenzi hicho angaliharibu fundisho zima. Kwa hiyo, kabla ya kubadili neno la mwenzako, uliza kwanza alitaka kusema nini.

Sasa, wanafunzi, twaeni daftari. Katika sentensi hizi 6, tafuteni penye kosa. Lakini moja haina kosa.

1. «She has gone to Goma last week.»
2. «We live here since 2015.»
3. «Did you wrote the letter?»
4. «When the priest will come, we will pray.»
5. «He opened the door and sees his brother.»
6. «My father taught me that God loves the poor.»

Msitazame majibu kabla ya kumaliza. Katika ya kwanza semeni «went», kwa sababu ya «last week». Katika ya pili, «have lived». Katika ya tatu, «write», maana «did» imekwisha kuubeba wakati. Katika ya nne, «comes». Katika ya tano, «saw». Ya sita ni njema: baba alifundisha zamani, lakini Mungu angali anawapenda maskini.

Tuna neno la mwisho kwa wazazi, hasa ninyi msemao, «Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje mtoto wangu?» Mwaweza kumsaidia, tena sana. Jioni, akiisha kuandika, mwambieni awaeleze kila sentensi kwa Kiswahili. Kisha mwulizeni maswali mawili: «Jambo hilo ni la lini? Limekwisha, au lingaliko?» Mkisha kuuliza hivyo, mwacheni aitazame tena sentensi yake. Mara nyingi ataliona kosa yeye mwenyewe, wala hatasahau upesi. Wala msimcheke akikosea. Aliyechekwa huficha daftari lake, na kosa lililofichwa halisahihishwi.

Na yule kijana muuguzi, kama angalikuwa na mtu wa kumwuliza, «Homa imekwisha, au ingaliko?», angaliandika neno «has», na daktari angalijua kwamba mtoto angali mgonjwa.

Mungu awabariki katika masomo na katika kazi. Kwaherini hadi juma lijalo.