SEHEMU YA 4: Mama, na wewe ingia kwenye picha

Wiki iliyopita tuliongea kunyonyesha, meseji zikajaa mpaka simu ikagoma. Leo nataka tuongee picha. Najua kuna mtu atasema nesi na picha wapi na wapi. Subiri kidogo.

Mama yangu mzazi alipofariki tulihitaji picha ya kuweka juu ya jeneza. Tukapekua begi lake, sanduku la nguo, mpaka ndani ya Biblia. Picha zetu sisi watoto zilikuwepo: ya ubatizo, ya kumaliza darasa la saba, hata mimi na sare ya chuo cha uuguzi. Yake hamna. Mwisho kaka akachukua kadi yake ya mpiga kura, akaipeleka kwa kijana wa steshenari, ikakuzwa. Mnaijua sura ya kwenye kadi: macho yamekaza, mdomo umefungwa, nyuma hakuna kitu. Hiyo ndo iko ukutani kwetu mpaka leo. Mwanangu wa mwisho hakumkuta bibi yake. Siku moja akaiangalia akaniuliza, "Mama, kwani bibi alikuwa mkali?"

Jamani. Mama yangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Hakuna wa kumlaumu. Yeye ndiye alikuwa anatupaka mafuta, anatuvalisha, anatupanga mstari, halafu anasogea pembeni: "Pigeni nyie." Sasa wewe una simu ya kamera mkononi na unafanya yaleyale. Kliniki nikimwambia mama nionyeshe mtoto alivyokuwa mwezi uliopita, anafungua picha mia mbili. Yeye yumo kwenye moja, tena mkono tu, umeshika kichwa cha mtoto. Ukimuuliza anasema nimenenepa nesi, nywele sijasuka, nitapiga mtoto akifikisha mwaka. Mimi nasema piga sasa, ukiwa na hilo tumbo la kujifungua na hicho kilemba. Na piga nje.

Kwa nini nje? Kwa sababu ndiko mnakoishi. Studio wanakuwekea pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Bariadi amewahi kuyaona, wakati sisi vya kwetu tunavyo. Ukitoka hapa mjini unashika lami ya Lamadi, kama kilomita 70, unapita Dutwa na vilima vyake, unatokea ziwani. Na ufukwe wa Busega unatazama magharibi, maana yake jioni jua linaingia kwenye maji ya Ghuba ya Speke mbele ya macho yako. Tena jua letu huku linazama kama dakika 20 baada ya la Dar, kwa hiyo muda wa kuosha vyombo kwanza upo. Nauli huna? Miamba ya nyuma ya nyumba inatosha. Mwembe unatosha. Wakati wa kuchuma pamba, mama na wanawe katikati ya ile pamba nyeupe, hiyo picha hata mjukuu ataigombania. (Ila sio shamba lililotoka kupigwa dawa. Mtoto anashika majani, halafu vidole vinaenda mdomoni.)

Kuna vijana wanapiga picha kwa kifurushi, na gauni la kukodi juu. Siwasemi vibaya, wanatafuta riziki, na wengine wana jicho kweli. Ninachogombana nacho ni saa. Unamkuta mtoto wa mwaka mmoja saa saba mchana yuko na suti juu ya mwamba unaochoma, analia, mama anapiga makofi "cheka, cheka". Jua la utosini linamwekea kila mtu giza machoni, na mtoto mdogo anapata joto haraka kuliko wewe. Nendeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Mwanga ni laini, watoto hawakunji uso. Kama mawingu ya radi yanajikusanya, shukeni kwenye kilima, na msijibanze chini ya mti uliosimama peke yake. Mnazijua radi za Kanda ya Ziwa.

Na maji. Hapa naomba mnisamehe, unesi umepanda. Ile picha ya watoto wamesimama ziwani maji yakiwafika magotini ni nzuri sana, na ndivyo kichocho kinavyoingia. Vijidudu vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na hausikii chochote. Ziwani kwetu zaidi ni kile cha tumbo. Huku ndani, kwenye malambo na madimbwi, ni kile cha kukojoa damu. Dawa ipo na inatibu, lakini kwa nini umtafutie mtoto kwa ajili ya picha? Kaeni kwenye mchanga mkavu, maji yawe nyuma yenu. Viboko na mamba sina haja ya kuwaeleza, wavuvi watawaonyesha pa kukaa. Waulizeni.

Sasa hili ndilo hasa lililonifanya niandike.

Usiku mmoja mama mmoja alinitumia picha kwa WhatsApp. Mtoto ana siku nne. "Nesi, eti huyu ni wa njano?" Nikaangalia. Mtoto mweupe, laini kama mdoli. Vidole vyangu vilishaanza kuandika "yuko sawa, lala." Sijui nini kilinizuia, nikamwandikia aje alfajiri. Nakiri, nilipaswa kumwambia aje usiku uleule. Asubuhi nikamfunua mtoto pale mlangoni kwenye mwanga wa nje: macho ya njano, tumbo la njano, mpaka nyayo. Alipelekwa hospitali akawekwa kwenye taa za matibabu, anaendelea vizuri, sasa anatambaa. Baadaye nikaomba ile simu. Kamera ilikuwa imewashwa ule urembo wa kung'arisha ngozi. Mama wa watu hakujua hata kama upo, ilikuja hivyo dukani.

Simu ilikuwa imeifuta manjano ya mtoto.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, fungua kamera yako, tafuta palipoandikwa urembo au filta, zima. Mwanao ana rangi yake. Na ukiwa na wasiwasi usinitumie picha, mlete. Akionekana wa njano ndani ya saa 24 za kwanza tangu azaliwe, au viganja na nyayo zikiwa za njano siku yoyote ile, usisubiri kuche. Nyumbani mwangalie mlangoni kwenye mwanga wa mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kidogo, achia, angalia inarudi rangi gani.

Jambo dogo la mwisho: zile za kuoga uchi kaa nazo mwenyewe, usizirushe mtandaoni.

Jumapili hii siko zamu. Tunapanda gari la Lamadi na watoto, chapati zimo kwenye ndoo, nitavaa kanga yangu ya kila siku. Baba watoto nimeshamwambia kazi yake ni moja, kunipiga mimi, na asiniambie "tulia", anipige nikiwa nacheka. Kaniuliza, "Ngapi?" Nikamwambia mpaka chaji iishe.

Sehemu ya 5 ni mtoto anayekataa uji. Maswali yaanze kuja.