Umgomee nani, kamba ya plastiki?

Mwaka 1958 wakata mkonge wa Mazinde, Korogwe, waligoma hadi bosi akajikuna kichwa. Enzi hizo mkonge ndio ulaji: 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000. Kisha kamba za plastiki zikavamia soko, bei ikaporomoka, na mashamba kibao ya Korogwe na Handeni yakageuka pori. Sasa umgomee nani jamani, plastiki? Korona ikifungwa, hakuna mgomo wala mshahara!

Tangu 1999 wakulima wadogo wakaanza kugawiwa mashamba. Safi! Kibarua wa jana kawa bosi, anaajiri wakataji wake. Haya, wakipunjwa hao, watamlilia nani? Vyama vya wafanyakazi visiishie getini kwa tajiri, viingie hadi shambani. Au nakosea, ndugu msomaji?