HAKUPIGIWA KURA, KWA HIYO SI RAIS? JIBU KWA WANAOWACHANGANYA WAISLAMU



Ndugu zangu katika imani, tangu Machi 2021 kuna watu wawili wanabishana kwenye magrupu yetu, na kila mmoja anajiona amemaliza maneno.

Wa kwanza anasema: rais aliyeingia kwa sababu mwenzake amefariki hakuchaguliwa na mtu. Ni rais wa bahati, hana haki yoyote juu yetu.

Wa pili anamjibu: nyamaza! Hata Sayyidna Umar (r.a.) hakupigiwa kura. Aliteuliwa na Sayyidna Abubakar (r.a.). Basi yeyote aliyeachiwa kiti ni halali.

Wote wawili wamekosea, na mbaya zaidi wanaiingiza dini kwenye makosa yao. Soma mpaka mwisho kabla hujakimbilia kwenye komenti. Na suala la mwanamke kushika uongozi si mada ya leo. Wanachuoni wamelizungumza sana na lina mahali pake. Leo tunazungumzia mlango wa kuingilia.

KWA HUYU WA KWANZA

Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Tarehe 19 Machi, Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Kilichofuatwa ni ibara ya 37(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano: rais akifariki, akijiuzulu, akipoteza sifa au akishindwa kazi kwa maradhi, makamu wake anaapishwa na kumalizia muda uliobaki wa ile miaka mitano. Na muda huo unahesabiwa. Ibara ya 40(4) inasema akikaa chini ya miaka mitatu anaweza kugombea mara mbili. Akikaa miaka mitatu au zaidi, anagombea mara moja tu.

Sasa wewe unayesema hakuna aliyempigia kura, nakuuliza: Oktoba 2020 ulipiga kura gani? Mgombea urais na mgombea mwenza husimama pamoja. Hakuna kura ya huyu na kura ya yule. Ukimpa mmoja umewapa wote wawili. Kama una hoja juu ya uchaguzi ule wenyewe, ilete kama hoja ya uchaguzi. Usiifiche ndani ya hoja ya urithi.

Tena jambo hili unalijua msikitini kwako. Imamu akitengukiwa na udhu katikati ya swala, anamshika mkono mtu wa nyuma yake na kumsogeza mbele. Sayyidna Umar alipochomwa kisu katika swala ya Alfajiri, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf (r.a.), naye akawamalizia watu swala. Hatusomi kwamba maamuma walimwambia: wewe hatukukuchagua, rudi safuni.

Na hilo neno "bahati" unalolitupa kama tusi, lipime. Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi, akamfahamisha kwamba anayepewa bila kuuomba husaidiwa, na anayeupata kwa kuuomba huachiwa mwenyewe na mzigo wake. Kwa hiyo kuingia bila kukikimbilia kiti si aibu katika dini yetu. Aibu ni kukikalia vibaya.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

KWA HUYU WA PILI

Wewe ndiye hatari zaidi, kwa sababu unatumia majina ya Masahaba kufungulia mlango ambao wao waliufunga.

Ni kweli Abubakar alimteua Umar. Lakini kwanza aliwauliza wakubwa wa Masahaba, akiwamo Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.). Kisha watu wakatoa baia. Na aliyeteuliwa hakuwa mtoto wake wala ndugu wa ukoo wake.

Umar naye, akiwa na jeraha la mauti, aliliacha jambo kwa watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubair, Saad na Abdurrahman. Mwanawe Abdullah, pamoja na elimu yake na uchamungu wake, aliruhusiwa kuhudhuria na kushauri tu. Katika uongozi hakuwa na fungu. Huo ndio mfano unaotaka kuutumia kuhalalisha kila anayeachiwa kiti?

Tazama Chad, mwezi mmoja tu baada ya Tanzania. Idriss Déby alifariki Aprili 2021. Katiba yao ilimtaja spika wa bunge ashike kwa muda mpaka uchaguzi. Badala yake katiba ikasimamishwa, bunge likavunjwa, na baraza la kijeshi likaongozwa na Jenerali Mahamat, mtoto wa marehemu. Wakaahidi miezi 18. Uchaguzi wa rais ukafanyika Mei 2024.

Marehemu ni Muislamu na mtoto ni Muislamu. Je, hilo linageuza kuvunja ahadi kuwa sunna? Hapana. Katiba ni mapatano, na Muislamu ameamrishwa kutimiza mapatano. Dar es Salaam mapatano yalifuatwa. N'Djamena yalikanyagwa. Anayeyaita mambo haya mawili kwa jina moja, ama hajui au anadanganya.

ULIPO UDHAIFU WA KWELI

Mnagombana pasipo na tatizo, na penye tatizo mmelala.

Makamu akipanda kuwa rais, nafasi yake hujazwa vipi? Rais anashauriana na chama chake, anapeleka jina bungeni, wabunge wanalithibitisha. Ndivyo alivyoingia Dk. Philip Mpango mwishoni mwa Machi 2021. Ndivyo alivyoingia Dk. Ali Mohamed Shein mwaka 2001, baada ya kufariki Dk. Omar Ali Juma. Fikiri: makamu wa namna hii akilazimika kushika urais, tutakuwa na rais ambaye kweli jina lake halikuwahi kuwa mbele ya mpiga kura, labda kwa miaka mitatu au minne. Hapo kuna swali la haki la kuwauliza wabunge wenu na wanaozungumzia katiba mpya. Nani ameuliza? Mko kwenye magrupu mnatukanana.

Na sisi wapiga kura tuna deni. Mgombea mwenza tunamtazama kwa swali moja: anatoka Bara au Zanzibar? Elimu yake, uaminifu wake, msimamo wake mbele ya mkubwa, hatuulizi. Mtume (s.a.w.) alitaka wenye akili na busara ndio wasimame karibu yake katika swala. Wewe unaijaza safu ya kwanza bila kuitazama, kisha imamu akitoka unashangaa ni nani amesogea mbele.

Usiseme "hatukumchagua". Sema: tulimchagua bila kumwangalia. Kisha uchaguzi ujao, mwangalie.

Mtume (s.a.w.) alimfahamisha Abu Dharr kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake. Aliyeingia kwa kura na aliyeingia kwa msiba wataulizwa swali hilo hilo. Nawe utaulizwa juu ya ulimi wako na kidole chako kinachosambaza.

Allah atujaalie viongozi waadilifu, na atukinge na fitna, ya dhahiri na ya siri. Amin.

Wallahu a'lam.