Sinza Haijafa, Umeitafuta Baani

Mwandishi mmoja ametutangazia msiba: Sinza imekwisha, starehe za Dar es Salaam zimehamia Masaki. Ushahidi wake? Alizunguka baa usiku wa Jumamosi, akakuta viti vitupu na muziki uleule.

Sinza haikuzaliwa baa. Ni tunda la mradi wa viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sambamba na Kijitonyama na Mikocheni. Walengwa walikuwa watu wa kipato cha chini: serikali inapima na kuchonga barabara, nyumba unajijengea mwenyewe, kidogo kidogo. Kwa kuwa mitaa ilinyooka, gari linafika mlangoni, na chumba cha mbele kikageuka saluni, duka la nguo, ofisi ya fundi cherehani, na ndiyo, baa. Mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliishi hapo. Kituo cha daladala hadi leo ni Kwa Remmy. Masaki nayo ina bahari, na bei zake.

Angelalamikia kelele ningemuunga mkono. Spika zinalia ukutani kwa familia zenye watoto wa shule, na hilo ni kosa la kweli. Hakuligusa. Yeye shida yake ni kwamba spika hazikutosha!

Arudi basi Jumanne saa nne asubuhi, atembee Sinza kwa miguu kutoka Shekilango mpaka Kumekucha, ndipo aandike tena.