Wakulima wa Mwonyi, Tuichanje Miche Yetu

Ndugu zangu wa Shinyalu, Ileho na vijiji vyote vinavyopakana na msitu wa Kakamega, mwonyi umetufaa sana. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichoanzishwa mwaka 1997, kilishirikiana na watafiti wa icipe kuulima mmea huu wa jamii ya mrehani mashambani, kuyakamua mafuta yake kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kuchua ya Naturub. Mwaka 2010 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mkulima anayeingiza pesa kutoka shambani kwake hana haja ya kuingia msituni na shoka.

Lakini kiangazi cha Desemba hadi Februari kinaweza kuvuruga haya yote. Mvua yetu ni nyingi, ndiyo, ila mche mchanga wenye mizizi mifupi hauwezi kuishi kwa mvua ya mwezi uliopita. Na tusidanganywe na harufu. Mwonyi wenye kiu huweza kunukia zaidi, huku majani yakipungua na mafuta ya shamba zima yakishuka. Mtambo wa kukamulia nao haujazwi na shamba moja: mashamba mengi yakikauka, hata aliyevuna anakosa pa kukamulia.

Udongoni kuna kuvu waitwao maikoriza. Huingia kwenye mizizi, wakapewa sukari na mmea, nao hutandaza nyuzi nyembamba mno zinazofika kwenye vitundu vya udongo ambavyo mzizi hauwezi kupenya, wakarudi na maji na fosfeti. Majaribio ya mrehani wa kawaida katika nchi mbalimbali yameonyesha kwamba miche iliyochanjwa kuvu hawa hustahimili ukame vizuri zaidi. Sisi tuna kila sababu ya kujaribu kwa mwonyi.

Kuvu hawa huhitaji mizizi hai ili waongezeke, na hapo ndipo kikundi kinapohitajika. Chukueni udongo chini ya mwonyi wenye afya (si msituni, tafadhali), uchanganyeni na mchanga uliochemshwa, pandeni mtama ndani ya magunia katika kitalu cha pamoja. Mtama wa Novemba huwa tayari Machi. Wiki mbili za mwisho acheni kumwagilia, kisha kateni mashina na kuikatakata mizizi pamoja na udongo wake. Mizizi yenye vinundu vya minyoo itupwe yote. Ugonjwa ukiingia kitalu cha pamoja utasambaa kwa kila mwanachama. Iliyo safi, gao moja kwa kila shimo la mche latosha.

Mbolea ya DAP tuipunguze pale tulipochanja, kwa maana fosfeti ikizidi mmea huwafungia kuvu mlango. Mboji na matandazo yaendelee. Tusilime chini sana, tunakata nyuzi.

Ninaomba kila kikundi kitenge mistari kadhaa yenye chanjo na mingine isiyo nayo, katika shamba hilohilo, na majani na mafuta ya kila upande yapimwe kando. Maafisa wa kilimo wa wadi waje kuangalia. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kakamega viko mjini kwetu: tuwapelekee mizizi waiangalie kwa hadubini, watuambie kama kuvu wameingia kweli. Machifu, tupeni nafasi katika baraza la Oktoba. Mama zetu wenye mbegu za mtama, tengeni kibaba kimoja kwa ajili ya kitalu.