Trauti wa Marekani ana sheria yake. Mvuvi wa Rufiji ana nini?



Kila tukiuliza habari za wananchi wanaoishi chini ya Bwawa la Julius Nyerere, chawa wanaruka na jibu lilelile: "Hata Marekani walijenga mabwawa, nyie mnapinga maendeleo tu." Haya. Leo twendeni hukohuko Marekani, tukaone wenye bwawa walivyobanwa na watu wa chini ya bwawa.

Kwenye Mto Colorado, jimbo la Arizona, kuna bwawa linaitwa Glen Canyon. Lina kimo cha mita 216 na lilianza kuzuia maji mwaka 1963. Maji ya kuzungusha mitambo huchotwa kina kirefu ambako jua halifiki, kwa hiyo yanatoka baridi na maangavu. Zamani mto ule ulijaa tope, na kiangazi maji yake yalikuwa vuguvugu. Samaki wa asili wakaanza kupotea. Mwaka 1964 wakapandikiza trauti, samaki anayependa maji ya baridi, naye akashamiri katika kipande cha kama kilomita 25 kutoka bwawani hadi mahali panapoitwa Lees Ferry.

Leo watu wanasafiri mbali kwenda kumvua. Wanasimama mtoni na suruali zao za mpira, wanarusha ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Wengi wakimpata wanampiga picha, wanamrudisha majini. Yaani ni starehe! Wapo waongoza wageni wanaopata riziki hapo, sawa, lakini trauti akikosa kushika ndoano leo, yule mvuvi anarudi hotelini anakula.

Sasa sikia. Kwa miaka mingi bwawa lile liliendeshwa kwa faida ya umeme tu. Mahitaji ya umeme yakipanda mchana, wanafungulia maji. Usiku wanabana. Mto ukawa unapanda na kushuka mita kadhaa ndani ya siku moja. Mayai ya trauti yanaachwa kwenye kokoto kavu, samaki wananasa kwenye vidimbwi, mchanga wa kingo unasombwa. Wavuvi wakalalamika. Waongoza boti, wanamazingira na jamii za wenyeji asilia nao wakapaza sauti.

Waliitwa wapinga maendeleo wakanyamaza? Thubutu! Mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulinda bonde lililo chini ya bwawa lile. Mwaka 1996 vikawekwa viwango: maji ya kawaida yasizidi futi za ujazo 25,000 kwa sekunde, na wakati wa kupunguza, wasishushe zaidi ya futi 1,500 kwa saa. Mwaka huohuo wakafungulia mafuriko ya makusudi kwa siku saba ili kurudisha mchanga kwenye kingo. Ikaundwa na kamati ya ushauri ambamo wateja wa umeme, majimbo, makabila ya wenyeji na wavuvi wa trauti wanakaa meza moja.

Sisemi Marekani ni peponi. Wale samaki wa asili wengine hawajarudi mpaka leo. Lakini mwone huyo trauti: ni mgeni kabisa mto ule, amekuja baada ya bwawa, na bado ana watu wa kumsemea mezani.

Rudi nyumbani. Bwawa letu lina uwezo wa megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunautaka, tena sana, asitudanganye mtu. Lakini chini yake kuna Utete, Ikwiriri, Muhoro mpaka Nyamisati na visiwa vya delta. Kule kambale na perege si starehe, ni mboga ya jioni na ada ya shule. Mafuriko ya kila mwaka ndiyo yanayojaza maziwa ya pembeni ambako samaki huzaliana. Maji yakishuka, watu wanalima mlau kwenye tope lililobaki. Tope hilohilo linalisha mikoko na kamba. Bwawa lolote duniani hushika tope na kubadili saa ya mto. Glen Canyon imetufundisha hilo kwa miaka sitini.

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama. Nyumba na mashamba vilikwenda. Serikali ikasema ni mvua, wananchi wakauliza kuhusu bwawa. Kubishana huko kungekwisha kwa karatasi moja tu: siku gani, saa ngapi, maji kiasi gani yalifunguliwa, na nani aliambiwa kabla.

Na msituambie sheria hakuna. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataja akiba ya maji kwa ajili ya binadamu na mazingira. Sasa tunataka iwe namba, si maneno.

Madai yetu ni matatu. Kwanza, ratiba ya kufungulia maji itangazwe kwa Kiswahili, kwenye redio na ujumbe wa simu, kabla maji hayajafika. Pili, kiwekwe kiwango cha chini cha maji na kasi ya kuyapandisha na kuyashusha, kwa kanuni ambayo mwananchi anaweza kuipeleka mahakamani. Tatu, wavuvi na wakulima wa Rufiji wawe na viti vyao pale maji yanapoamuliwa, wachaguliwe na wenzao, wasiteuliwe na mkuu wa wilaya.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwawa limekuja. Mwenyeji je, amepona?

Kamanda, usiishie ku-like. Mtumie ndugu yako wa Ikwiriri, mwambie akamuulize mbunge wake swali hilohilo.