Asubuhi triko, mchana jasho, jioni mvua



Mwezi wa kumi umefika, na kila mama wa Lubumbashi anajua tabia yake. Asubuhi upepo ungali na ubaridi kidogo. Mchana kati jua linawaka mpaka manjanja yanalia juu ya nyumba. Halafu, siku usiyotazamia, wingu jeusi linapanda, vumbi linaruka, mvua ya kwanza inapiga. Ndiyo maana wamama wanatuuliza mlangoni pa darasa: mwalimu, mtoto nimvalishe nini?

Kabla ya kujibu, tuungame kosa letu. Mwaka uliopita tulikuwa na msichana wa miaka mitano. Wakati wa mapumziko wenzake walikimbia uwanjani, yeye alisimama ukutani, triko limefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho likimtiririka. Tulimwita mvivu. Siku moja tulipomshika mkono ili acheze, akalia, akasema: "Mama amesema nisichafue." Tulimwita mama yake. Akatueleza kwamba shemizi nyeupe ya masomo ni moja tu, anaifua kila jioni na kuikausha karibu na mbabula. Triko halikuwa la baridi. Lilikuwa la kuficha doa ambalo sabuni ilishindwa kulitoa. Na kwa nini alifiche? Kwa sababu majuma mawili mbele yake sisi tulikuwa tumerudisha mtoto mwingine nyumbani juu ya shemizi chafu, na habari ikatembea.

Basi aliyemfunga yule mtoto ukutani si mama yake. Ni sisi.

Tulikaa na wazazi wa darasa, tukapatana hivi: kila mtoto alete shemizi kuukuu, hata ya baba iliyokatwa mikono, ikae darasani. Wakati wa mchezo anavua ile nyeupe na kuvaa kuukuu. Siku za kwanza zilikuwa fujo. Baada ya majuma machache watoto walijua vifungo vyao wenyewe, na vidole vinavyojua kifungo vinashika kalamu vizuri. Mkiweza, wapeni watoto wenu nguo ya kuchezea hata nyumbani. Mtoto asiyeogopa udongo ndiye anayecheza kweli, na katika kucheza ndimo anamojifunza kukimbia, kuhesabu, kugawana na kungoja zamu yake.

Sasa turudi kwenye swali lenu.

Asubuhi, mvalisheni nguo juu ya nguo: singileti ya pamba, shemizi, kisha triko lenye vifungo mbele, siyo lile la kupitisha kichwani, ili aweze kulivua peke yake. Triko moja nene sana halifai kama nguo mbili nyepesi. Andikeni jina ndani ya kola. Kujua kama mtoto anasikia baridi, msiguse mikono yake, kwani mikono hupoa upesi hata mwili ukiwa na joto. Guseni nyuma ya shingo. Ikiwa pana joto na pamekauka, yuko sawa. Ikiwa pameloa jasho, punguzeni nguo moja, kwa sababu nguo iliyoloa ndiyo itakayompoza upepo ukirudi.

Mchana, pamba ni bora kuliko nailoni, inayofungia joto ndani. Kofia kichwani, na chupa ya maji safi. Mkienda kuchagua friperi katika soko la Kenya, msitazame rangi tu. Shikeni kitambaa, na angalieni shingoni: kamba ya kofia inaweza kunasa kwenye mti au mlango na kumkaba mtoto. Suruali inayoburuta chini itamwangusha.

Na mtoto wa mgongoni? Joto la mama tayari ni nguo. Kofia ya sufu, soksi, blanketi na kikwembe kwa pamoja, mchana wa mwezi wa kumi, vinamletea vipele vya joto na kiu asiyoweza kuisema.

Juu ya vumbi, tuseme wazi. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti na metali nyingine nyingi katika mkojo. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole kinywani. Hatuwezi kuondoa vumbi la mji, lakini nguo ya mchezo ivuliwe mlangoni, ikung'utwe nje, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya bukari.

Mvua ikija, wekeni kikwembe kimoja kikavu ndani ya mfuko wa masomo. Mtoto aliyeloa avuliwe upesi na apanguswe. Ngurumo ikisikika, watoto waingie nyumbani, wasijifiche chini ya mwembe. Mvua yenyewe haileti malaria. Mbu ndiye anayeileta, naye anazaliana katika maji yanayobaki ndani ya mashimo ya lupango. Kwa hiyo jioni mikono mirefu, usiku chandarua. Na matope yakianza, viatu vya kufunika mguu, kwani kuna minyoo inayopita katika ngozi ya nyayo.

Najua wengine mtasema: mwalimu, hizo nguo zote zitatoka wapi? Ni kweli. Lakini katika kila nyumba kuna triko lililombana mtoto mmoja na linaloweza kumtosha wa jirani. Mkikutana juma hili katika kikundi chenu, kila mama alete nguo moja. Msiulizane nani alileta nini, wala nani alichukua nini.

Yule msichana sasa yuko mwaka wa kwanza. Wakati wa mapumziko tunamtafuta kwa macho ukutani, kwa mazoea. Hayupo hapo.

Juma lijalo tutaongea juu ya chakula cha kubeba masomoni. Mbaki na amani.